Alaimenti ya Corolla 110 jijini Dar es Salaam: tathmini ya karakana ya kamera na fundi wa uzi

Toyota Corolla za kizazi cha nane, ambazo kwetu zinajulikana zaidi kama Corolla 110, zilianza kuuzwa Japani mwaka 1995, na nyingi bado zinatembea kila siku katika barabara za Dar es Salaam. Ni magari yanayodumu, lakini sasipenshi yake ya mbele, yaani shokapu, springi na viungo vinavyobeba magurudumu, imekwisha kupita katika mashimo na matuta mengi kuliko ilivyokusudiwa, na ndiyo maana mwenye gari la namna hii hufika karakana ya alaimenti, yaani ya kupanga pembe za magurudumu, akiwa na malalamiko yale yale: usukani umekaa upande, gari linavuta, na tairi linaliwa upande wa ndani ilhali upande wa nje bado una kashata, yaani yale meno ya mpira yanayoshika barabara. Tathmini hii inahusu huduma niliyopata kwa Corolla ya mwaka 1998 katika karakana ndogo ya Ilala, mtaa wa nyuma ya Barabara ya Uhuru, inayotumia mashine ya kamera, na baadaye kwa fundi wa Gerezani anayepima kwa uzi na kipimo cha chuma. Ninaandika kwa ajili ya mtu anayeendesha gari lake kwenda kazini na kurudi, si kwa ajili ya mashindano.

Kwanza nieleze ni nini hasa kinachopimwa, kwa sababu karatasi ya vipimo unayokabidhiwa haina maana kwa mtu ambaye hajaelezwa. Kipimo cha kwanza ni tou, yaani jinsi magurudumu mawili ya mbele yanavyoelekeana au kuachana yakitazamwa kutoka juu. Cha pili ni kemba, yaani jinsi sehemu ya juu ya gurudumu inavyolala kuelekea ndani au nje ukilitazama gari kwa mbele. Cha tatu ni kasta, yaani mwinamo wa shokapu kuelekea nyuma ukilitazama gari kwa ubavu, na hicho ndicho kinachosaidia usukani kurudi wenyewe baada ya kukata kona. Katika Corolla 110, kitu ambacho kinarekebishwa kwa urahisi upande wa mbele ni tou peke yake, kwa kurefusha au kufupisha tairod, yaani fimbo inayounganisha usukani na gurudumu. Kemba ina nafasi ndogo tu ya kusogezwa kwenye bolti mbili zinazoishika shokapu na kipande kinachobeba gurudumu, na kasta haina pa kurekebishiwa kabisa. Ikiwa imepotea, kuna kitu kimepinda au kimechakaa, na hicho ndicho cha kutafutwa. Fundi anayekuahidi kukupangia vyote vitatu kwa dakika 15 kwenye gari hili hajui anachokizungumza, au anajua na ameamua kukunyamazia.

Karakana ya Ilala ilianza vizuri. Fundi alilipandisha gari kwenye njia ya chuma, akaweka magurudumu ya mbele juu ya sahani zinazozunguka, akapangusa kingo za rimu kwa kitambaa kabla ya kufunga vibao ambavyo kamera huvisoma, kisha akalisukuma gari nyuma na mbele taratibu ili mashine ifute kosa linaloletwa na rimu iliyopinda kidogo. Hatua hii ya kusukuma ni muhimu sana kwa gari la zamani, kwa maana rimu za chuma zilizogonga mashimo kwa miaka mingi mara nyingi hazizunguki sawasawa, na mashine isiyofahamu hilo itauhesabu upindo wa rimu kuwa ni upindo wa sasipenshi. Vibao vilifungwa kwenye magurudumu yote manne, si ya mbele tu. Hilo nalipa uzito, kwa sababu magurudumu ya mbele hupangwa kwa kufuata mwelekeo ambao yale ya nyuma yanalisukumia gari. Ukipanga ya mbele peke yake wakati ya nyuma yametazama pembeni, utapata tou nzuri kwenye karatasi na usukani uliopinda barabarani.

Vipimo vya awali vilionyesha tou ya jumla kuelekea nje ya dakika 48 (hapa dakika ni kipimo cha pembe, na dakika 60 ni digrii 1), yaani magurudumu ya mbele yalikuwa yanaachana kwa jumla ya digrii 0.8. Kwa tairi la ukubwa wa 175/65R14, ambalo kipenyo chake ni takriban milimita 583, hiyo ni tofauti ya milimita 8 kati ya ukingo wa mbele na wa nyuma wa matairi. Ukigawa sawasawa, kila gurudumu lilikuwa limeelekea nje kwa digrii 0.4, na gurudumu lenye mwelekeo huo, likilazimishwa kwenda mbele moja kwa moja, linaburuzwa pembeni sawa na mita 7 kwa kila kilomita 1. Hapo ndipo mpira wa tairi unapokwenda. Kemba ya gurudumu la kushoto ilikuwa imelala ndani kwa digrii 1 na dakika 10, wakati ya kulia ilikuwa imelala ndani kwa dakika 25 tu.

Sasa nieleze jambo lililonifanya niiamini karakana hii. Kabla ya kugusa spana yoyote, fundi aliniita mbele ya skrini, akamwambia kijana wake ashike tairi la kushoto kwa mikono miwili, kushoto na kulia, alisukume na kulivuta. Kamera zilikuwa bado zinasoma. Tarakimu ya tou ilianza kucheza: ikatoka dakika 48, ikavuka digrii 1, ikarudi, ikavuka tena, huku mimi nikisikia mlio mdogo wa chuma kikigonga chuma chini ya gari. Kisha akaniambia, «Bosi, tairod endi ya kushoto imekwisha, na bushi ya nyuma ya mkono wa chini imepasuka. Nikikupangia leo hivi hivi, ukivuka tuta la kwanza tu inarudi kule kule.» Tairod endi ni kiungo cha ncha ya tairod, na bushi ni mpira unaoushika mkono wa chini, yaani chuma kinachounganisha gurudumu na bodi. Fundi akakataa kuendelea. Angeweza kukaza nati, akasubiri tarakimu zitulie kwenye rangi ya kijani, akaniprintia karatasi na kuchukua fedha zake, na mimi nisingeweza kubisha.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kwa muda. Alaimenti ni kupanga pembe, na pembe haipangiki kwenye kiungo kinachocheza. Gari jipya linaweza kupelekwa moja kwa moja kwenye mashine kwa sababu viungo vyake bado vimekaza, lakini gari lenye umri mkubwa lazima likaguliwe kwanza: tairod endi za nje, viungo vya ndani vya reki ya usukani vilivyofichwa na mpira, boljointi (viungo vya kichwa cha duara kwenye ncha ya mkono wa chini), bushi zote mbili za kila mkono wa chini, beringi za magurudumu, na mauntini ya juu ya shokapu. Tairi likicheza unapolishika kushoto na kulia, mara nyingi tatizo ni tairod endi au reki. Likicheza unapolishika juu na chini, tazama boljointi na beringi. Bushi hazijionyeshi kwa kushika tairi; hizo zinahitaji bomba au chuma kirefu cha kubenulia, na macho ya mtu aliyekubali kulala chini ya gari. Nimewahi kuhudumiwa mahali pengine, katika karakana nisiyotaka kuitaja, ambako nililipia alaimenti bila mtu yeyote kushika tairi, na usukani ukarudi kupinda kabla sijaisahau bei.

Vipuri nilivinunua mwenyewe Shauri Moyo, kisha gari likarudi Ilala. Katika kufunga mkono wa chini, fundi alifanya jambo ambalo sijaliona kwa wengi: aliziacha bolti za bushi zikiwa zimeshikwa kidogo tu, akalishusha gari likakaa kwa uzito wake, na ndipo akazikaza. Sababu yake ni nzuri. Mpira wa bushi hujisokota kadiri mkono unavyopanda na kushuka, na ukikazwa wakati gurudumu linaning'inia hewani, utabaki umesokotwa muda wote gari likiwa chini, utalinyanyua gari kidogo, na utachanika mapema. Kwa magari yetu, ambayo bushi hubadilishwa mara kwa mara, uzembe wa kukaza bolti hizi gari likiwa kwenye jeki nadhani ndio unaofanya watu waseme kwamba vipuri vya siku hizi ni vibovu.

Marekebisho yenyewe hayakuchukua muda mrefu. Kemba ya kushoto ilisahihishwa kwa kulegeza bolti mbili za shokapu, kusukuma kichwa cha gurudumu kuelekea nje mpaka uwazi mdogo uliopo kati ya bolti na tundu ukaisha, na kukaza tena. Kwa njia hiyo ilipatikana nusu digrii: ikabaki dakika 40 upande wa kushoto dhidi ya dakika 25 upande wa kulia. Hizi si namba za kujivunia katika kitabu, lakini tofauti ya dakika 15 kati ya kushoto na kulia ni ndogo kiasi kwamba gari haliwezi kuvuta kwa sababu yake. Kwa gari la zamani mimi huangalia kwanza tofauti ya pande mbili, halafu ndipo niangalie namba zenyewe, na nikiona tofauti inazidi nusu digrii, siondoki. Kuna mafundi wanaotanua tundu la shokapu kwa tupa au kwa mashine ya kutobolea ili wapate kemba zaidi. Nawaomba wasomaji wakatae kabisa. Kipande hicho ndicho kinachoshikilia gurudumu, na zipo bolti maalumu za kusahihisha kemba, zenye kiini chembamba au chenye mviringo usio sawa, zinazofanya kazi hiyo bila kudhoofisha chuma.

Katika kupanga tou, fundi aliunyoosha usukani na kuufunga kwa fimbo yake, akalegeza lokinati (nati za kuzuia isizunguke) za tairod zote mbili, na akalegeza vibanio vya mipira ya reki kwenye ncha zake nyembamba ili mpira usizunguke pamoja na tairod. Mpira uliosokotwa huchanika, maji na mchanga huingia, na reki hufa. Katika gari hili reki iko nyuma ya ekseli, kwa hiyo kurefusha tairod kunasukuma sehemu ya nyuma ya gurudumu nje na kuleta mbele ndani. Robo ya mzunguko tu hubadilisha kipimo kwa zaidi ya milimita 1, na ndiyo maana mkono wa pupa haufai kwenye kazi hii. Alizungusha pande zote mbili kwa zamu, kidogo kidogo, akaishia kwenye tou ya jumla ya dakika 6 kuelekea ndani, dakika 3 kila upande, ambayo ni kama milimita 1 kwa jumla. Kisha akakaza lokinati huku ameishika tairod kwa spana ya pili isizunguke, akatazama skrini tena. Wengi huacha kutazama baada ya kukaza, na ni wakati huo hasa ambapo kipimo huhama.

Milimita 1 kuelekea ndani ni uamuzi unaofaa kwa mtu wa barabara za mjini na safari za mikoani. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele huyaelekeza magurudumu hayo ndani kidogo linapokanyagwa mafuta, kwa hiyo halihitaji tou kubwa kama gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Tou ya nje hulifanya gari liwe jepesi kuingia kona lakini likose utulivu katika mwendo wa kasi, na kwa barabara kama ya Morogoro, ambako malori yanakupita na upepo wake, utulivu ni jambo la kwanza. Ikiwa gari limenyanyuliwa kwa spesa za springi, kama ilivyo desturi ya wengi wanaopita njia za vumbi, au limeshushwa kwa kukatwa springi, kama vijana wanavyopenda, pembe zote zimebadilika na alaimenti lazima ifanywe baada ya kazi hiyo, si kabla. Lililoshushwa sana litalala ndani kwa kemba na kula tairi la ndani hata tou ikiwa sahihi.

Karakana ina kasoro, na haitakuwa haki nizifiche. Upepo wa matairi haukupimwa mpaka nilipouliza, na tairi moja la mbele lilikuwa chini. Tairi lenye upepo pungufu hushusha upande wake na kuharibu kipimo cha kemba, achilia mbali kwamba linavuta gari kuelekea upande huo. Katika orodha ya mashine, fundi alichagua Corolla ya soko la Ulaya kwa sababu hakuiona ile iliyotengenezwa kwa soko la Japani. Tofauti si kubwa, na namba zilizochaguliwa zinafaa, lakini ilipaswa aniambie bila kusubiri niulize. Bolti za shokapu zilikazwa kwa nguvu ya mkono na uzoefu, bila spana ya kupimia nguvu, jambo ambalo kwa bolti zinazobeba gurudumu silikubali kwa moyo mweupe. Pia foleni ya Jumamosi ni ndefu, na hakuna kivuli cha kukaa.

Kwa kulinganisha, nilimpelekea fundi wa Gerezani gari hilo hilo ili apime bila kurekebisha chochote. Mtu huyu hana kamera. Alinyanyua kila gurudumu la mbele kwa jeki, akapaka chaki katikati ya kashata, akalizungusha tairi huku ameegemeza ncha ya msumari kwenye kigingi kilichotulia, mpaka mstari mmoja mwembamba ukazunguka tairi zima. Mstari huo haujali kama rimu imepinda, kwa kuwa umechorwa na mzunguko wenyewe. Akashusha gari, akalisukuma mbele kidogo ili sasipenshi itulie, kisha akapima umbali kati ya mistari miwili, mbele na nyuma ya matairi, katika kimo cha kitovu cha gurudumu. Alipata milimita 1 na nusu kuelekea ndani, dhidi ya milimita 1 ya mashine. Kwa tou ya jumla, basi, kazi yake ni ya kuaminika, na kwa bei ya chini zaidi. Uzi anautumia kuvuta mstari kutoka tairi la nyuma hadi la mbele ili kujua kama usukani umenyooka na magurudumu ya mbele yamegawana sawasawa, na hapo panahitaji uangalifu, kwa kuwa katika magari mengi upana kati ya magurudumu ya mbele haulingani na ule wa nyuma, na asiyeondoa tofauti hiyo atasoma tou ambayo haipo. Yeye aliiondoa. Kasta hawezi kuipima, na kemba aliipima kwa timazi, kwa makadirio tu.

Ningempendekeza kwa nani? Kwa mwenye gari aliyebadilisha tairod endi moja na anataka tou irudi mahali pake siku hiyo hiyo, fundi huyu anatosha. Kwa gari linalovuta, lililogonga ukingo wa barabara, au lililobadilishwa mkono wa chini na shokapu, kamera za magurudumu manne zinahitajika, kwa sababu swali hapo ni pande mbili zinatofautianaje, na uzi haujibu swali hilo kikamilifu.

Majaribio niliyafanya katika Barabara ya Nyerere kuelekea uwanja wa ndege, palipo na vipande vilivyonyooka. Kabla ya kazi gari lilikuwa likivuta kulia. Barabara zetu huinamia kushoto ili maji yatiririke, kwa hiyo gari zima linaloachiwa usukani husogea kushoto polepole, na hilo si ugonjwa. Lakini gari linalopanda kulia dhidi ya mwinamo wa barabara lina sababu ya kufanya hivyo, na kwangu sababu ilikuwa ile tofauti ya kemba, kwani gari huelekea upande ambao gurudumu limelala ndani kwa kiasi kidogo kuliko mwenzake. Baada ya kazi lilikwenda moja kwa moja, likasogea kushoto taratibu sana, na usukani ukarudi wenyewe baada ya kona. Kama gari lako bado linavuta baada ya alaimenti nzuri, badilishana matairi mawili ya mbele, la kushoto liende kulia, mradi kashata yake hairuhusu mwelekeo mmoja tu. Mvuto ukihamia upande wa pili, lawama ni ya tairi. Usipohama, gusa rimu baada ya safari uone kama upande mmoja una joto kuliko mwingine, maana breki inayoshika nayo huvuta.

Matairi yenyewe yatakuambia mengine kabla ya mashine. Pitisha kiganja juu ya kashata kwa upana, kutoka ndani kwenda nje na kurudi. Ikiwa ni laini ukielekea ndani na inakwaruza ukirudi nje, tou ya ndani imezidi. Ikiwa ni kinyume chake, tou ya nje imezidi. Tairi lililolika upande mmoja likiwa laini bila kukwaruza, fikiria kemba.

Nililipa shilingi 30,000 kwa vipimo na marekebisho ya magurudumu yote manne, bila gharama ya vipuri na kuvifunga. Karatasi ya kabla na ya baada hutolewa bila kuomba, na karakana hurudia kipimo bure ndani ya wiki mbili kwa mteja anayerudi nayo, kwa hiyo iweke ndani ya gari pamoja na risiti za vipuri.